Bwawa Lililofukiwa

Kwaaa! Mfuniko wa chemba ukafungwa juu ya kichwa cha Fundi, na mwanga wote wa dunia ukabaki uzi mwembamba wa mviringo.

"Nani huyo? Fungua! Kuna mtu humu!"

Kitu kizito kikaburuzwa juu ya chuma, krrr, kikatua. Jiwe.

"Nisamehe, shemeji," sauti ikasema.

Mnaijua sauti hiyo. Ni Mpimaji, mume wa mdogo wake Fundi, mchora ramani wa Bwana Kilele. Huyu ndiye aliyelia kuliko wafiwa wote siku tulipomzika baba mkwe wake, hadi wanaume wawili wakamshika mikono asiingie kaburini. Sisi wa bondeni tuliona machozi yale. Tumeyaweka.

"Shemeji, huu utani umezidi sasa."

"Si utani. Kaa humo mpaka saa nne tu. Mkaguzi akishagonga muhuri wake, nakuja mwenyewe kukutoa, na soda nakununulia."

"Na mvua ikinyesha?"

"Mvua gani? Jua lote hili..."

Ti. Tone la kwanza likagonga mfuniko. Ti, ti. La pili na la tatu.

"Jua lako hilo linagonga hodi, shemeji."

Viatu vikaondoka mbio.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita nitasimulia kwa pumzi moja, maana maji yanakuja.

Kule kilimani Bwana Kilele amejenga mtaa mpya wa nyumba arobaini. Mvua yote ya mapaa yale na barabara zile inaingia bomba moja la zege, pana kiasi cha mtu kutambaa ndani kwa magoti. Kwenye ramani iliyopitishwa, bomba lile lilipaswa kumwaga maji katika bwawa kwanza, yatulie, tope lizame, ndipo yateremke bondeni yakiwa yametakata. Bwana Kilele akalitazama bwawa akaona kiwanja. Akalifukia, akajenga juu yake nyumba ya mfano, ile wanayotembezwa wanunuzi. Bomba likarefushwa, likapita chini ya bustani ya nyumba hiyo na kutoa mdomo wake mteremkoni, hatua mia juu ya kisima alichokichimba baba yake Fundi kwa mikono yake.

Turubai la kuzuia tope lilikuwepo, usiseme nimewaonea. Wakalisimamisha upande wa juu, kando ya barabara, ili gari la mkaguzi wa zamani likipita lilione. Upande wa chini, tope linakoteremkia, hawakuweka hata kitambaa cha kufutia jasho.

Mvua za mwaka jana kisima kikabadilika rangi. Bonde zima likaharisha. Siku ya tisa baba akazikwa. "Ni tope tu," wakasema, "tope haliui."

Na Fundi? Alivua kitambaa cha msiba, akapanda kilimani kuomba kazi ya kulaza mabomba kwa mtu yule yule. Miezi kumi na minne ameitikia "ndiyo, bosi". Miezi kumi na minne amebeba mfukoni kichupa cha maji ya kisima, aliyoyateka asubuhi ile baba alipoanza kutapika. Hasira za wengine huchemka zikamwagika. Za kwake alizifunika, akapunguza moto, zikaiva taratibu.

Leo saa nne mkaguzi mpya, mwanamke ambaye kilimani hawajamzoea, anakuja kutoa kibali cha watu kuhamia, na wageni wamealikwa kushuhudia. Muhuri ukigongwa, bomba linakuwa halali, na kisima kitakuwa kimeuawa kwa karatasi.

Kwa hiyo alfajiri Fundi alishuka mteremkoni akauziba mdomo wa bomba kwa magunia manne ya udongo, akayakaza kwa mrunda, mti wa kujengea. Mvua ikija, maji yarudi kwa mwenyewe. Akapita kwa mama yake: "Mama, leo ndiyo siku, safisheni kisima. Hata tone halitashuka." Kisha akaingia chemba ya juu, shimo la kushukia bombani, na tochi, kutafuta jibu moja lililomnyima usingizi: kwa nini bomba la mvua linachuruzika hata wakati wa kiangazi?

Ndipo mfuniko ukafungwa.

Sasa piga hesabu nawe. Chini kaziba mwenyewe. Juu kafunikwa na shemeji yake. Na mvua imeanza.

Fundi akacheka peke yake gizani. "Nimetega mtego, nikauingia, nikaushukuru. Hata panya ana akili kunishinda."

Akawasha tochi. Njia ilikuwa moja tu: atambae hadi chemba ya katikati, ile ya bustani ya nyumba ya mfano. Aliijenga yeye, na ngazi za nondo ndani alizichomeka yeye. Wiki tatu zilizopita shemeji yake aliamuru ifunikwe kwa majani ya kupandikiza. "Mfuniko unaharibu sura," alisema.

Akatambaa.

Maji yakamfikia kwa nyuma, kwanza vifundo vya miguu, kisha viganja. Yalikuwa ya baridi na yenye haraka. Akaongeza mwendo. Yakafika viwiko.

Halafu harufu ikampiga.

Hiyo haikuwa harufu ya tope. Fundi amefanya kazi ya mabomba nusu ya maisha yake, harufu ile angeitambua akiwa amelala. Akaelekeza tochi ukutani. Bomba la plastiki la inchi nne limepenyezwa kwenye zege kwa nyundo na kukandikwa simenti kama mtu anayeziba jino. Hakulilaza yeye.

Akalisogelea. Huko juu mtu akavuta maji.

Shwaaa!

Begani. Shingoni. Nyweleni.

Choo!

Fundi akaganda. Vipande vyote vikaungana kichwani mwake mara moja. Mwaka jana, kabla baba hajaumwa, aliwaona kwa macho yake kule kilimani wachimbaji wa shimo la maji taka. Walichimba mara tatu nyuma ya nyumba ya mfano, mara tatu kuta zikaporomoka na maji yakajaa kutoka chini. Vipi lisiporomoke? Ardhi ya bwawa lililofukiwa haikubali shimo. Alipouliza, shemeji alimjibu, "Waachie watu wa mashimo kazi yao." Kumbe kazi yenyewe ilikuwa hii. Shimo limekataa, basi choo kikaunganishwa na bomba la mvua, na bomba la mvua linashuka kisimani.

Basi walisema kweli. Tope haliui.

"Baba," Fundi akasema. Neno moja tu, na mwangwi ukalibeba mpaka mwisho wa bomba.

Hakulia. Alitambaa kama mtu aliyeitwa.

Maji yalikuwa kifuani alipoishika nondo ya kwanza. Akapanda, akaweka mgongo kwenye mfuniko, akasukuma. Haukusogea. Juu yake kulikuwa na majani na udongo, na juu ya udongo miguu ya meza, na nyuma ya meza sauti aliyoijua.

"...kwa sababu mtaa huu, mheshimiwa mkaguzi," Bwana Kilele alikuwa akisema chini ya hema, "hatupigani na mvua. Mvua ni rafiki yetu."

Makofi.

Maji yakafika kidevuni.

Fundi akakusanya miezi kumi na minne yote mgongoni. "Bismillahi," akasema, akainuka.

Majani yakachanika. Meza ikainama kama punda aliyegoma. Glasi zikateleza moja baada ya nyingine, mitungi ya sharubati ikafuata, na mstari mzima wa wageni ukaruka nyuma ukijifuta nguo. Katikati ya bustani likachomoza kichwa cha mwanamke, cheusi kwa tope, chenye kipande cha karatasi ya chooni juu ya sikio.

"Hamjambo, wageni wetu," kikasema.

Mtu akapiga ukelele. Mpimaji akaangusha mwavuli wake.

"Nani huyu?" Bwana Kilele akafoka.

"Fundi wako wa mabomba, bosi. Niko kazini."

"Mtoeni! Mtoeni hapa huyu kichaa!"

"Asiguswe." Aliyesema ni Mkaguzi. Mwanamke mfupi, wa makamo, peke yake kati ya wote aliyekuja kwenye sherehe na mabuti ya mpira. Akasogea ukingoni mwa chemba, akachungulia, akafungua ramani yake. "Chemba hii siioni hapa. Mpimaji, hii ni nini?"

"Hiyo... hiyo ni ya zamani, mama."

"Ya zamani, na majani yake ya juzi?"

"Tuliikuta, mama. Kwa kweli tuliikuta."

"Shemeji," Fundi akasema akipanda nje, maji machafu yakimchuruzika, "hata mimi umenikuta. Waambie na mimi nilikuwa humo tangu zamani. Waambie nani kanifunika."

Wageni wakatazamana. Bwana Kilele akainua mikono yake miwili kama imamu, akatabasamu tabasamu lake la mabango. "Jamani, jamani. Dada huyu ana uchungu. Alifiwa. Tumemsaidia kwa kumpa kazi, na hii ndiyo shukrani. Mheshimiwa mkaguzi, tuingie ndani, tukae pakavu, tumalize karatasi zetu..."

Mlango wa nyumba ya mfano ukafunguka kabla hajamaliza. Akatoka mke wake, kabeba viatu mkononi, gauni kalipandisha magotini.

"Mume wangu! Mume wangu, choo kinapanda!"

"Kinapanda kivipi?"

"Kinapanda! Kinakuja! Kimeshavuka mlango, kiko kwenye kapeti, njoo ukisimamishe wewe uliyekijenga!"

Na nyuma ya visigino vyake yakaja kweli, polepole, ya kahawia, yakishuka kizingiti kwa adabu kama mgeni rasmi.

Ah, wasomaji wangu! Ningependa mngekuwepo. Ningependa kila aliyechota ndoo yake mwaka ule akaambiwa achemshe tu, achemshe tu, angesimama bustanini pale akaona viatu vya ngozi vya Bwana Kilele vikibadilika rangi.

Mkaguzi hakurudi nyuma. Aliyatazama maji yale, akaitazama mvua, kisha akauliza kwa sauti ya chini swali ambalo Bwana Kilele hatalisahau hata akiwa kaburini:

"Maji ya mvua yametafuta nini chooni?"

Mpimaji akainama kuokota mwavuli wake.

"Nauliza, Mpimaji. Mvua ina njia yake, choo kina njia yake. Mvua imenyesha robo saa, choo kimefurika. Wamekutana wapi hawa?"

"Mama, kuna... kuna uwezekano wa..."

"Amehujumu!" Bwana Kilele akadakia. "Ni yeye! Kaziba bomba! Uliza ni nani kaziba bomba!"

"Mimi," Fundi akasema.

Hema likalia kwa mvua.

"Nimeziba mdomo wa chini kwa magunia manne alfajiri. Sikatai. Lakini bosi, nikiziba mfereji wa mvua, kinachopanda chooni kwako kingekuwa maji ya mvua. Mbona kimepanda kilichopanda?"

Mgeni mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa.

Fundi akatia mkono mfukoni, akatoa kichupa. Akaokota glasi moja iliyonusurika, akaisimamisha juu ya meza iliyopinda, akamimina. Maji yalikuwa ya rangi ya chai iliyolala.

"Kunywa."

"Nini hii?"

"Maji ya kisima chetu, ya siku baba yangu alipoanza kuumwa. Umesema ni tope tu. Kunywa."

"Mimi," Bwana Kilele akasema, akirudi hatua moja, "nakunywa maji ya chupa."

"Hiki nacho ni chupa."

Hata mke wake akamtazama. Bwana Kilele akaisukuma ile glasi kando kwa ncha ya kidole. Mkaguzi akaichukua glasi, akainusa, akairudisha mezani. Kisha akachukua muhuri wake, ule uliongojewa tangu asubuhi, akaufunga ndani ya kiboksi chake. Tak.

"Huu leo haugongwi. Hakuna atakayehamia hapa. Nataka picha za chemba hii, za bomba hili, na za mdomo wa chini, maji yakiwa ndani vile vile. Ndio ushahidi wangu. Mtu asiguse kitu."

Tak. Miezi kumi na minne kwa sauti ndogo hivyo.

Fundi alipaswa kuondoka hapo hapo. Sisi tunaompenda tunamlaumu kwa hilo. Lakini kisasi kitamu, na mwenye njaa ya muda mrefu hali tonge moja akanawa. Alibaki. Alimkaribia Bwana Kilele uso kwa uso, akimnukia makusudi.

"Wajua baba alisema nini siku ya nane? Aliomba maji. Nikampa. Nikayachota mwenyewe kisimani kwake, nikamshika kichwa, akanywa yote, akaniambia ahsante mwanangu. Mkono huu. Umenitumia mkono wangu."

"Mimi sikujua..."

"Usiape, mvua inasikia."

Bwana Kilele akainamisha kichwa. Fundi akadhani ni aibu. Haikuwa aibu. Alikuwa ameinama ili mdomo wake ulifikie sikio la Mpimaji, aliyejikunyata nyuma yake, na alichonong'ona kilikuwa maneno machache: maji yakitoka, ushahidi umetoka. Vuta magunia.

Mpimaji akafifia ndani ya mvua. Hakuna aliyemwona.

Dakika moja ikapita. Fundi alikuwa bado anazungumza. Alikuwa na mengi.

Ni Mkaguzi aliyenusa. Aligeuka na kalamu mkononi. "Yule mpimaji nimwulize... Kaenda wapi yule?"

Na ndani ya chemba, maji yaliyokuwa yamefika ukingoni yakashuka shubiri moja. Gluu.

Fundi akayatazama yakishuka. Mwanzo alichoona ni ushahidi unaponyoka. Kisha maneno yake mwenyewe ya alfajiri yakamrudia, yakampiga kifuani kama teke.

Leo safisheni kisima. Hata tone halitashuka.

"Mama!"

Akakimbia. Akaivuka bustani, akapita ua wa nyuma penye mashimo matatu yaliyoporomoka, akafika ukingo wa mteremko na kushika nguzo asiporomoke naye.

Chini kabisa, kupitia pazia la mvua, alimwona mama yake. Bi mkubwa amesimama ukingoni mwa kisima, khanga kichwani, kamba kaizungusha kiunoni na mikononi, na ile kamba imekaza, imeingia shimoni wima. Mama yuko peke yake. Mwanawe amemwahidi hata tone halitashuka, basi mvua kwake ni mvua tu, haimwondoi kazini. Na mama akishika kamba, anayeshuka ndani kukwangua tope ni mmoja, tangu utotoni, kwa sababu ndiye mwepesi kuliko wote nyumbani. Mdogo wake Fundi. Mke wa Mpimaji.

Katikati ya mteremko, hatua mia juu ya kisima, Mpimaji alikuwa amepiga magoti mbele ya mdomo wa bomba. Mrunda keshautupa. Magunia matatu yalikuwa yakibingirika kwenye majani. La nne lilikuwa bado limekwama, maji yakilipiga miluzi pande zote, na nyuma yake kulikuwa na mvua ya nyumba arobaini na uchafu wote uliozuiwa tangu alfajiri. Uliozuiwa na Fundi. Laiti yale maji yangeteremka kidogo kidogo kama siku zote, yangemlowesha mtu miguu tu. Sasa yalikuwa yanasubiri kwa pamoja.

"Acha!" Fundi akapasua koo. "Acha, mkeo yuko kisimani! Mkeo!"

Mvua ilikuwa ikitwanga mapaa mapya ya mabati, arobaini yote kwa pamoja.

Mpimaji akainua uso. Akamwona shemeji yake kule juu anatupa mikono, mdomo wazi, tope toka kichwani mpaka miguuni. Akaweka kiganja sikioni. Kisha akacheka.

"Matusi yako nitayasikia jioni, shemeji!"

Fundi akaachia nguzo, akajirusha mteremkoni kwa makalio, mikono ikitafuta cha kushika. "Mkeo! Mjinga wewe, ni mkeo!"

Mpimaji akalikumbatia gunia la nne kwa mikono miwili na kuegemea nyuma.

Na kule chini mama, ambaye hakusikia chochote, akaitikisa kamba mara moja. Ni ishara yao ya siku zote. Maana yake: fanya polepole, mwanangu, huku juu ni salama.

Gunia likachomoka.